Mwenye Bunduki Njiani: Aseme au Anyamaze?

Mkristu mmoja wa parokia yetu, mwindaji, aliniuliza neno baada ya mafundisho ya Jumapili. "Mwalimu," alisema, "nina bunduki yangu, na karatasi ya ruhusa ninayo. Nikitoka Kolwezi kwenda Mutshatsha, polisi wananisimamisha kizuizini. Je, nikinyamaza mpaka waniulize, nafanya dhambi?"

Sikumjibu upesi, maana swali hili si dogo. Leo napenda tulitazame pamoja, wasomaji wapenzi.

Kwanza tuondoe yaliyo wazi. Sheria ya silaha ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 3 Septemba 1985, hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila kibali cha wakubwa. Anayeficha bunduki isiyo na kibali hana swali la kuuliza. Amekwisha kuivunja sheria. Tena mwenye kibali akiulizwa, "Una silaha?" naye akajibu, "Sina," amesema uwongo, na amri ya nane imevunjwa. Swali letu ni la yule mwenye haki, ambaye bado hajaulizwa.

Wengine husema kwamba kunyamaza ni kudanganya. Sivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba uwongo haukubaliwi kamwe, lakini kuificha kweli kwa busara si uwongo. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, yafundisha kwamba hakuna mwenye wajibu wa kumfunulia kweli mtu asiye na haki ya kuijua. Basi, kwa amri ya nane, mwindaji wetu hana kosa.

Lakini amri ni kumi, siyo moja. Tuitazame ya tano. Polisi anayesimamisha gari usiku hamjui aliyemo. Naye ana mke na watoto nyumbani. Akiona ghafula mtutu chini ya kiti, moyo wake utashtuka, na mkono wake utaikimbilia bunduki yake. Sisi watu wa Kolwezi hatuna haja ya kufundishwa hofu hiyo: wazee wetu wanakumbuka Mei 1978, vita vilipoingia mjini na watu wengi wakauawa. Neno moja la upole, likisemwa mapema, laweza kuzuia damu. Neno hilo ni deni la mapendo. Kwa hiyo nilimwambia: aseme kwanza, mikono yake ikionekana.

Akanijibu: "Mwalimu, je, nikisema, nao wakaniambia karatasi hii haifai, toa pesa ama bunduki inabaki hapa?"

Kweli, mambo hayo yapo njiani. Na kuna mabaya zaidi. Huko Marekani, tarehe 6 Julai 2016, Philando Castile, mtumishi wa jikoni katika shule, alisimamishwa na polisi katika jimbo la Minnesota. Alikuwa na bunduki na kibali chake. Sheria ya jimbo lile haikumlazimisha kusema kabla ya kuulizwa. Yeye alisema mwenyewe, kwa adabu. Baada ya sekunde chache alipigwa risasi, akafa. Na mtoto wa miaka 4 alikuwa ameketi nyuma yake. Mwaka 2017 mahakama ilimwachilia polisi yule. Mpaka leo majimbo ya nchi ile hayapatani: Michigan lalazimisha mwenye bunduki aseme mara moja, Ohio liliondoa lazima hiyo mwaka 2022, ikabaki kujibu ukiulizwa.

Basi tuseme nini? Kwamba kweli ni hatari, tunyamaze wote? Hapana. Tuseme hivi: anayedai kuambiwa kweli anapokea mzigo pamoja nayo. Serikali ikimlazimisha raia aseme, imlazimishe polisi vilevile kulinda uhai na mali ya aliyesema. Sheria inayombana mmoja tu ni mtego. Askari walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha zao. Aliwaagiza wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie, waridhike na mshahara wao. Nao wakubwa wanaomnyima askari mshahara wake, kisha akala njiani, wana sehemu katika dhambi yake.

Na mwindaji wetu, leo, kabla sheria na watu hawajatengenezwa? Atoe risasi ndani ya bunduki, aifunge vizuri, aiweke mbali na mkono wake. Karatasi ziwe mfukoni, zisikae pamoja na silaha. Akiona walinzi wa njia wanafanya kazi yao kwa utaratibu, aseme bila kuulizwa. Akiona wazi kwamba waliosimama mbele yake ni wanyang'anyi, hata kama wamevaa mavazi ya kazi, mapendo hayamlazimishi kujitia mikononi mwao, anaweza kunyamaza. Lakini asiseme uwongo.

Nilipomwambia hayo, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Vema, Mwalimu. Lakini usiniambie mimi peke yangu. Polisi nao wanasali hapa, tunakaa nao benchi moja."

Alisema haki. Ndiyo sababu nimeandika. Wewe mwenye bunduki, sema kweli yako mapema. Nawe unayesimamisha gari, fanya kazi yako hivi kwamba mtu mwema asiogope kukuambia kweli.