Askari Wawili Mezani

Mezani kwangu wamesimama askari wawili wa kuchezea: Snake Eyes wa 1982, asiyefika sentimita 10, na Snake Eyes wa 2020, wa sentimita 15 hivi. Wote ni wa mfululizo wa G.I. Joe, kazi ya kampuni ya Hasbro ya Marekani, iliyoanza kuunda askari wa jina hilo 1964 na kukataa katakata waitwe wanasesere.

Huyu mpya ametengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu. Magoti yanakunjika mara mbili, vifundo vya miguu vinageuka, upanga unakaa mgongoni. Nilimchuchumaza, hakuanguka. Anastahili kila sifa.

Ila mkono wangu unamrudia yule mzee. Aliachwa mweusi tititi, bila tone la rangi, ili gharama ipungue. Sura yake tuliimalizia sisi watoto, kila mmoja kwa namna yake. Kiuno chake kimeshikwa na kipete cha mpira kifuani, nacho huchakaa na miaka. Juzi nimemwekea kipya, kwa bisibisi ndogo ya saa, pumzi nimeibana. Nilipokaza skrubu ya mgongoni kiuno kikazunguka kama zamani, nami nikawa sakafuni tena, nikisubiri mama aniite kula.