Sitara ya Mkopo

Hapa kwetu Matemwe siri haikai. Ngalawa haijafika pwani, watu washajua nani kapata samaki na nani karudi mikono mitupu. Hata hivyo tunayo sitara: jambo unalijua, unalinyamazia, na jirani yako unamsalimia kama kawaida. Wapo wanaume wanaopenda wanaume, na wanawake wanaopenda wanawake, walioishi hivyo miaka nenda miaka rudi.

Swali langu ni hili: sitara hiyo ni zawadi au ni mkopo?

Mchukue afisa wa ustawi wa jamii aliye mmoja wao. Kazi yake ni kushika siri za watu: mke anayepigwa, mtoto aliyedhalilishwa na ami yake. Yeye ndiye wa kumpeleka mtoto kituo cha Mkono kwa Mkono na kusimama naye mpaka mahakamani. Sasa mtuhumiwa akiwa mtu mkubwa, neno moja tu linamtosha: "Na wewe je, tukuseme?" Basi! Faili linalala. Mkopo umedaiwa, na anayelipa si afisa peke yake. Analipa mtoto.

Na kitisho hicho si maneno matupu. Tangu mabadiliko ya 2004, sheria ya Zanzibar inawatia jela wanaume, na wanawake pia. Septemba 2017 polisi waliwakamata watu 20 hotelini hapa Unguja, wanawake 12 na wanaume 8, waliokuwa kwenye mafunzo ya ukimwi. Novemba 2018 wakakamatwa wanaume 10 Pongwe, pwani yetu hii hii ya mashariki. Nani hapo atathubutu kujibu, "Niseme"?

Wazee watasema: anayelea jamii lazima awe mfano wa maadili. Nakubali. Lakini maadili ya kazi hiyo ni yepi? Asitoe siri ya mtu, asile rushwa, asimdhuru mtoto, asirudi nyuma akitishwa. Hayo yanapimwa kazini, hayapimwi chumbani kwake. Mengine hakimu wake ni Mwenyezi Mungu, na Yeye hana haja ya kusaidiwa na mbakaji.

Mie simwambii mtu aache imani yake. Nasema tu, jamani, sitara inayoweza kudaiwa siku yoyote si sitara, ni kamba shingoni. Tukimwachia mdhalimu ashike ncha yake, tusishangae kesi za watoto wetu zikifia njiani.