Kiu ya Mzee na Hukumu ya Funga

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa asili ya uhai, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad.

Katika neema azisahauzo mwanadamu ni kiu. Wengi huihesabu adha, nayo ni mlinzi. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, zimo seli zinazopima chumvi ya damu. Maji yakipungua, chumvi ikazidi hata kwa asilimia 2 tu, seli hizo husinyaa na kupeleka habari: homoni iitwayo vasopresini huziamuru figo zizuie maji, na nafsi huanza kutamani kunywa. Katika miaka ya 1950 Bengt Andersson wa Uswidi alitia maji ya chumvi mahali hapo katika ubongo wa mbuzi, nao wakanywa maji kwa wingi mno.

Lakini mlinzi huyu huzeeka pamoja na mwenyewe. Mwaka 1984 wataalamu wa Oxford walitangaza uchunguzi wa wanaume wenye afya, wazee wa miaka 67 hadi 75 na vijana, waliokaa saa 24 bila ya maji. Damu za wazee ndizo zilizokoza chumvi zaidi, na wazee hao hao ndio waliohisi kiu kidogo. Hata walipopewa maji, hawakunywa ya kuwatosha.

Jambo hili lazihusu mno familia ambazo wazee wao hutoka Maskati au Unguja kwenda kukaa na watoto wao Stanmore, kaskazini-magharibi ya London. Huko mwezi wa Juni funga hupita saa 18, kama ilivyokuwa Ramadhani ya 2016 na siku ya Arafa ya 2025. Ubaridi wa hewa humhadaa aliyezoea jasho la Ghuba. Mzee husema hana kiu, na wanawe wakamsifu kwa subira. Subira gani? Subira ni ya aliyehisi akajizuia. Kiu ni shahidi, na shahidi aliyepungukiwa na usikivu hahukumiwi kwa kauli yake peke yake. Watafutwe wengine: mkojo mchache uliokoza rangi, kizunguzungu asimamapo, kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Zikidhihiri dalili hizo mchana, afungue, wala hana dhambi. Qur'ani, katika Surat al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na mkongwe asiyeiweza tena funga humlisha maskini kwa kila siku. Wanaomnyima maji kwa hoja ya kuwa magharibi imekaribia, wamembebesha asichobebeshwa na Mola wake. Na ikiwa ni funga ya sunna, kama ya Arafa, udhuru ni mwepesi zaidi.

Usiku wa Juni ni mfupi. Mzee apewe maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku, bila ya kungojwa aombe, isipokuwa yule ambaye tabibu amemwekea kipimo kwa maradhi ya moyo au figo. Huyo hafungi ila kwa ushauri wa tabibu wake.