Penye Nia Pana Njia?

Methali hii twaisema mara nyingi, nasi twaisema kwa nia njema. Leo twataka kuipima, tuone kama ni kweli yote au kweli nusu. Maana kweli nusu yaweza kumdhuru maskini kuliko uongo.

Tutwae habari ya William Kamkwamba wa Malawi, aliyezaliwa mwaka 1987, akakulia Wimbe katika wilaya ya Kasungu. Mwaka 2001 mavuno ya mahindi yalikuwa haba, njaa ikaingia nchini, ikaendelea hata 2002, na watu wengi wakafa. Baba yake, mkulima, hakuweza kulipa ada, naye kijana akatoka shule ya sekondari. Lakini katika shule ya msingi ya kwao palikuwa na rafu chache za vitabu vya msaada. Akaazima kimoja chenye picha za vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Akaifuata michoro, na maneno yaliyomshinda akayauliza. Kisha akaenda jaani, akaokota feni ya trekta na vyuma chakavu, akayalainisha mabomba ya plastiki kwa moto, akayafanya mabawa. Watu wakamcheka, wakasema ana wazimu. Hata siku moja, mwaka 2002, kinu kikasimama juu ya nguzo za mkaratusi, upepo ukavuma, na taa ikawaka. Baadaye nyumba yao ikapata taa nne, na majirani wakaja kuchaji simu zao. Mwaka 2007 aliitwa Arusha, akaieleza kazi yake mbele ya mkutano wa watu wa nchi nyingi. Waliomsikia wakamsaidia katika masomo yake, na mwaka 2014 akahitimu chuo cha Dartmouth, Marekani.

Hapo wengi husema: "Mwaona! Yeye hakuwa na ada, naye amefaulu. Basi umaskini si udhuru." Sisi twaona hukumu hiyo si ya haki. Ni nani aliyeitoa baiskeli iwe mwili wa kinu? Ni baba yake. Ni nani aliyemnunulia dinamo? Ni rafiki yake. Ni nani aliyemwazima kitabu mtoto aliyetoka shuleni? Ni mtunza vitabu. Mwondoe mmoja tu katika hao: bidii ya kijana ingalikuwa ile ile, wala pengine taa isingaliwaka.

Tena twauliza: mtu akiweza kuuruka ukuta, je, ukuta umekuwa mlango? Wako wengine waliotoka shuleni miaka ile ile kwa kukosa ada, wala majina yao hayakuandikwa po pote. Hatuna haki ya kuwaita wavivu. Kushindwa kwao kwaushuhudia ukuta, hakuwashuhudii wao.

Labda mtu atajibu kwamba kwa kusema hivi twamnyang'anya kijana sifa yake. Sivyo. Sifa yake twamwachia kamili, maana wengi wangalikiona kitabu kile wasikifungue. Tunalokataa ni kuifanya sifa hiyo fimbo ya kumpigia jirani yake.

Basi, imetupasa nini sisi tulio na vitabu na funguo? Mara nyingi makabati ya vitabu katika shule zetu hufungwa kwa kufuli, vitabu visije vikachafuliwa, hata mchwa wakavisoma kabla ya watoto. Afadhali kitabu kilichochakaa mikononi mwa mtoto kuliko kizima gizani. Na tumwonapo mtoto akikusanya vyuma vilivyotupwa, tumwulize kwanza anatengeneza nini, tusianze kwa kumcheka. Hatumjui mapema yule atakayewasha taa. Kwa sababu hiyo kabati liwe wazi kwa wote.

Penye nia pana njia, ndiyo. Lakini njia haijichimbi yenyewe.