Ukongwe wa Ise

Mgeni afikaye Ise, katika Japani, kulizuru hekalu kuu la dini ya Shinto, huelezwa kuwa asili yake ni ya zaidi ya miaka 1,300. Akitazama juu ya ua wa mbao, kwa kuwa umma hauruhusiwi kupita ndani, huona mapaa ya nyasi ya ujenzi wa mwaka 2013. Yumkini atadhani kuwa amedanganywa.

Kila miaka 20 hekalu hilo hujengwa upya katika kiwanja cha jirani, kwa mti wa hinoki, kisha lililotangulia hubomolewa na mbao zake hugawiwa mahekalu mengine. Desturi hii ilianza mwaka 690, zama za Malkia Jito, na ujenzi wa 2013 ulikuwa wa 62. Nguzo hufukiwa udongoni pasipo msingi wa mawe. Basi kuoza kwake si ajali, bali ni jambo lililokubaliwa tangu mwanzo.

Je, kitu huwa kile kile kama kila kipande chake kimebadilishwa? Mpenda magofu atajibu kuwa ukale umo katika jiwe lenyewe lililoguswa na mkono wa marehemu, na hoja yake si dhaifu. Lakini Ise ibada hufuata majira ya shamba. Februari huombwa mavuno mema. Oktoba, katika sikukuu ya Kannamesai, hutolewa mchele mpya wa mwaka. Hapana asemaye kuwa sikukuu hiyo ni changa kwa sababu mchele wake ni mpya.

Hata hivyo, historia yaleta kikwazo. Katika karne za 15 na 16 vita vya ndani vilimaliza mali ya nchi, na ujenzi ukakatika kwa zaidi ya miaka 120. Uliporejea, hakubaki hai fundi hata mmoja wa mara ya mwisho, na wanachuoni husema kuwa umbo la leo halilingani na la kale katika kila jambo. Gofu lililosahauliwa karne nzima lingali gofu; ujuzi wa mikono haustahimili usahaulifu wa namna hiyo. Kwa ajili hiyo muda wa miaka 20 ni wa busara kuliko unavyoonekana: aliyekuwa mwanagenzi katika ujenzi mmoja huweza kuwa msimamizi katika ule ufuatao.

Miti nayo ina hesabu yake. Mwaka 1923 ulianza mpango wa kukuza hinoki katika misitu ya hekalu kwa muda wa miaka 200. Waliopanda miche ya kwanza wamekwisha kufa, na miti iliyokusudiwa kuwa nguzo kubwa ingali inanenepa.