KAGUA KABLA YA KUWASHA

Somo: Mambo ya Walawi 14:33-48



Msimu huu wa baridi nimeitwa kuombea nyumba kadhaa huko Limuru. Zingine ni zile za mawe walizojenga walowezi wa Kizungu kabla ya Uhuru wa 1963, na sebuleni kuna meko iliyojengwa ndani ya ukuta. Mwenye nyumba ameinunua juzi tu, anauliza, "Pasta, hii ni nini?" Mmoja anasema ni madhabahu ya kale, ivunjwe. Mwingine ashaleta kuni, anataka tuabudu tukiota moto.

Ndugu yangu, hiyo si madhabahu. Ni meko. Lakini usiwashe bado!

Tazama Neno. Mungu anawaahidi Israeli nchi ya Kanaani, na papo hapo anawapa sheria ya nyumba. Doa likionekana ukutani, kuhani aitwe. Vyombo vinatolewa, anakagua, anafunga nyumba siku 7, anarudi kukagua tena. Mawe mabaya yanatolewa, mengine yanawekwa. Kubomoa ni mpaka doa lirudi. Umeona? Aliyetoa nyumba ndiye aliyeagiza ikaguliwe. Kukagua si kukosa imani!

Basi toka nje, tazama paa. Bomba la moshi lipo? Pengine paa liliezekwa upya na bomba likafunikwa, ndani ukabaki mdomo usio na koo. Rudi ndani. Shimo pana la matofali kwa kawaida ni la kuni. Shimo dogo lenye kichanja cha chuma mara nyingi lilikuwa la makaa ya mawe, kwa hivyo usilijazie magogo. Mulika tochi juu: unaona mwanga ama kiota cha ndege? Kifuniko cha chuma kinafunguka? Masizi mazito yanaweza kushika moto ndani ya bomba. Ita fundi anayejua hiyo kazi, asafishe kwanza.

Na msiseme, "Tukingoja fundi, tuweke jiko la makaa hapo." Bomba likiwa limeziba, hewa ya kaboni monoksaidi inajaa chumbani. Haina rangi, haina harufu. Watu wanalala, asubuhi hawaamki. Hapo hatukemei pepo, tunatoa jiko nje!

Wapendwa, sisi sote tumehamia nyumba iliyojengwa na wengine. Tumerithi desturi, tumerithi mashamba, tumerithi hata ugomvi wa ukoo. Kuna aliyeokoka akavunja kila kitu, hata heshima aliyofunzwa na babake. Kuna anayewasha kila alichokikuta, na watoto wanavuta moshi wake. Kuhani hakufanya hivyo. Alikagua jiwe kwa jiwe.

Wiki hii chukua tochi. Anza na ukuta, kisha moyo.

Tuombe: Baba, asante kwa nyumba ambazo hatukujenga. Tupe macho ya kuona kilicho kizima na kilicho kibovu, na subira ya siku 7. Katika jina la Yesu. Amina.