Adamu Aliitwa Kwanza

Mwaka 1723 majaji wa Uingereza waliamuru msomi Richard Bentley arudishiwe shahada ambazo Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua bila kumwita ajitetee. Mmoja wao, Fortescue, alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza kama amekula tunda alilokatazwa. Hoja hiyo hutajwa kama pambo tu, kumbe ina mwiba ndani yake: Mungu alikuwa anajua. Iblisi naye, kwa mujibu wa Kurani, aliulizwa kwanza ni kipi kilichomzuia kusujudu. Ikiwa anayeuliza hahitaji jibu, swali ni la nani? Naona ni la anayeulizwa. Ndilo linalomfanya awe mtu mwenye kuwajibika kwa tendo lake, asiwe chombo kilichovunjika kinachotupwa jalalani.

Sheria ya kazi ilichelewa kulikubali hilo, na ilianza na wakubwa. Charles Ridge, mkuu wa polisi wa Brighton, alishtakiwa kwa njama, mahakama ikamwachia huru, ila jaji akaukosoa mwenendo wake. Mwaka 1958 kamati iliyosimamia polisi ikamfukuza bila kumsikiliza. Mwaka 1963 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, likatamka kwamba kufukuzwa huko ni batili. Lakini katika hukumu hiyohiyo Lodi Reid alieleza kwamba habari ya bwana na mtumishi wake ni nyingine: bwana aweza kumwachisha wakati wowote, kwa sababu au bila sababu. Adamu mwenye cheo akaitwa. Adamu wa jembe, aliyewalimia wenzake bustani, hakuulizwa kitu.

Mpinzani atasema: aliyekamatwa na mzigo mkononi, kikao cha nini? Hata sheria ilipokuja kumlinda mfanyakazi wa kawaida, kwa miaka kadhaa mahakama za Uingereza nazo zilimwachia mwajiri aliyethibitisha kwamba kikao kisingebadilisha chochote. Kesi ya Polkey ya mwaka 1987, ya dereva aliyepunguzwa kazini bila kushauriwa, ikaifuta kanuni hiyo. Kinachopimwa ni alivyotenda mwajiri kwa aliyoyajua wakati ule, ingawa mlango mwembamba uliachwa kwa pale ambapo mashauriano yangekuwa bure kabisa. Na kama mfanyakazi angeondoka vyovyote vile, fidia hupungua. Wapo wanaoona kupunguza huko ni kuisaliti haki. Mimi naona kumeiweka wazi: fedha hufuata hasara, ila kosa la kutomsikiliza mtu linasimama lenyewe.

Kuna pingamizi zito zaidi, la kikao cha unafiki, barua ya kumfukuza mtu ikiwa imeshachapwa. Hilo ni tusi juu ya jeraha, lakini linalaumu ulaghai, si kusikilizwa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi, aeleze sababu kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, mbele ya mwenzake aliyemchagua, kisha awasikilize wote wawili, hata kwa kosa la kufukuzwa papo hapo. Mwenye barua tayari bado anaweza kuitoa. Ila itambidi kwanza akae, amtazame mtu huyo na shahidi wake wakizungumza.